Sauti ya Mkuu wa Shule

Usicheke, chondechonde usicheke, uma ulimi, finya paja, fikiria msiba, fikiria kitu chochote chenye jeneza ndani yake, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa amevua miwani, na akishavua miwani, ndivyo Redio alivyowaonyesha watu pale saluni, atashika ncha ya tai, na naam, kaishika, ataanza na kioo cha kulia, kaanza nacho, halafu atakiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai asije akauziwa viza, na kweli akakiinua kuelekea dirishani, jicho moja kalifumba, mdomo kaubinua, hakupunguza hata chembe, na msusi, aliyekaa mbele yake kwenye kiti cha wazazi kilichokuwa kifupi kuliko viti vyote duniani, akahisi kicheko kinampanda kutoka tumboni kama maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu yameshamwagika... "Kosa la tatu," mkuu akasoma, miwani imerudi puani, "kujifanya mkuu wa shule. Ninarudia, kujifanya mkuu wa shule," na lile ninarudia nusura limmalize, maana Redio naye hulisema vilevile, kidole kimoja juu, na sauti inashuka mwishoni kama ndoo kisimani, basi msusi akainamisha kichwa upesi ili aonekane mama aliyefikwa na aibu, akaikazia macho kalamu mkononi mwake na fomu mezani, karatasi moja yenye muhuri na mstari mmoja uliokuwa ukisubiri saini yake tangu alipoingia. *Mimi mzazi nathibitisha kwamba sikuwa na habari ya mwenendo huu wa mtoto wangu.* Hivyo tu, basi. Ukitia saini, mkuu alikuwa amemweleza mwanzoni, binti anakaa nyumbani wiki moja, anarudi, baada ya wiki saba anafanya mtihani wake wa mwisho, yamekwisha. Lakini ikiwa mzazi alikuwa na habari, hapo kanuni ni nyingine, faili linakwenda mbele ya bodi Ijumaa, na bodi, mama, bodi haina mchezo, mwaka jana ilimfukuza mwanafunzi kwa kuchora masharubu kwenye picha ya mwanzilishi wa shule, na mwanzilishi mwenyewe alikuwa mwanamke.

Basi tia saini, alijiambia, unangoja nini, umeacha mteja saluni na kichwa nusu, upande mmoja mistari imenyooka na upande wa pili kichaka, amejifunga kanga ya kuazima asionekane na wapita njia, tia saini uondoke, herufi sita tu za jina lako... lakini mkono haukushuka, na macho yake yakamwendea Redio mwenyewe, binti yake wa kumi na tano, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa ukishamwasha hazimiki, amesimama kando ya kabati la mafaili, mikono nyuma, soksi kazivuta hadi magotini, uso umelala kama maji mtungini, mtu asiyemjua angedhani ameletwa kupewa zawadi, na tangu waingie alikuwa amesema maneno manne tu, "Mama hajui kitu, mwalimu," basi, yeye ambaye hata usingizini anaongea, na tena anaongea kwa sauti ya jirani. "Alitumwa chaki," mkuu alikuwa akisema, "chaki, mama, boksi moja, akakuta ofisi iko wazi, kipaza sauti kiko mezani, mimi niko mwisho wa korido ninanawa mikono," na akaionyesha mikono yenyewe, pande zote mbili, kama ushahidi, "mara nikajisikia ninatangaza." "Ulijisikia, mwalimu?" msusi akauliza, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya kuku aliyekabwa. "Nilijisikia. Wanafunzi wote, ninarudia, wote, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu vipindi vya mchana havitakuwepo, kwa mantiki hiyo kila mmoja aelekee nyumbani, kwa mstari, bila kelele. Ninarudia, bila kelele. Na mimi pale bombani, mikono ina sabuni, mama, nisikufiche, nikajiuliza, ni sababu zipi hizo?"

Mungu wangu, jeneza, jeneza, msiba wa shangazi, mfikirie shangazi amelala kimya... lakini hata kwenye msiba wa shangazi alicheka, mhubiri alikosea jina la marehemu mara tatu na kila akirekebishwa anakosea jipya, ikabidi ajifanye amezidiwa na kilio, wakambeba wanawake wawili wakampepea, akawa anacheka ndani ya kanga hadi mbavu zikauma na watu wakasema kweli yule alimpenda shangazi yake... "Shule nzima ikatoka," mkuu akaendelea, "wanafunzi mia nane na kumi na mbili, nilisimama koridoni na sabuni yangu nikiwatazama, na jambo linaloniuma, mama, ni kwamba walitoka kwa mstari. Bila kelele. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaomba watoke kwa mstari bila kelele." Akalitazama dari. "Walimu wanne wakaenda nao. Mlinzi akafunga geti akaondoka, akanifungia ndani." Na hapo hata Redio pale kabatini akatetemeka bega moja, kidogo sana, mama tu ndiye angeliona, na msusi akamkata jicho, wewe, thubutu, ukicheka na mimi nitacheka na tukicheka sote wawili tumekwisha, na binti akalituliza bega, na hapo ndipo ilipomjia vizuri kwamba wanaongea, wao wawili, mbele ya mkuu, bila kufungua midomo, kama washirika wa wizi, na washirika wa wizi ndio waliokuwa, kwani nani alianza? Siku ile ya kwanza Redio alipita tu saluni kuchukua ufunguo wa nyumba, akasimulia alivyosemwa paredi kwa ajili ya sketi fupi, akasimulia kwa ile sauti, akavua miwani isiyokuwepo, akaifuta kwa tai isiyokuwepo, na wateja wote waliokuwa chini ya vikaushio wakainua vichwa, mmoja akazima cha kwake asikie vizuri, na msusi, mama mzazi, mwenye wajibu wa kusema hebu koma, mwalimu wako ni mzazi wako, yeye alisema nini? Alisema, "Hebu rudia." Ndivyo alivyosema. Na Jumamosi iliyofuata akasema tena, na iliyofuata, hadi wateja wa mtaa wa pili wakaacha wasusi wao wakahamia kwake, wanakuja asubuhi na kuuliza, mkuu yupo leo? Na yeye anajibu, mkuu yupo, kaeni, anamaliza kuosha vyombo.

"Unanisikia, mama?" "Ninakusikia, mwalimu, nimeishiwa maneno tu," na hilo halikuwa la uongo. "Kosa la nne," mkuu akasema, akafunua karatasi, "kuruhusu shule kuondoka bila kuwa na mamlaka ya kuruhusu," na msusi akatafuta mahali pa kutua macho, si kwenye miwani, si kwenye tai, si kwa Redio, akayapeleka kwenye kona ya meza, penye saa ndogo iliyosimama, kikombe cha kalamu, na picha ya familia ndani ya fremu, mkuu amekaa, nyuma yake mwanamke amesimama na mkono begani pake, picha mpya, mwanamke kageuza shingo upande kidogo kwa madaha ili nywele zionekane, mistari myembamba ya kurudi nyuma, na juu ya sikio la kushoto mstari mmoja umepinda, umetoka nje ya wenzake ukazunguka kama mto unaokwepa jiwe... na moyo wa msusi ukaruka. Uso hakuutambua, nyuso anaziona kwenye kioo tu, zimegeuzwa, zimekunjamana kwa maumivu ya kitana, lakini mstari ule aliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake, kwa kuwa aliupinda yeye, ili ufiche kovu dogo la kuungua, na mwenye kovu alishika kioo akaangalia, akasema, "Dada, mkono wako una dawa." Mteja wa saa nne. Mteja wa saa nne wa kila Jumamosi ya pili, mpole, mkarimu, asiyesema anakaa wapi, aliyewahi kugusia tu kwamba mume wake naye ni mwalimu, mahali fulani, watoto wanamchosha... ee Mungu, mahali fulani! Na ndiye yeye, si mwingine, aliyecheka kuliko wote siku ile, akacheka hadi akashuka kitini, machozi yanachuruzika hadi kwenye taulo, kisha akajifuta, akamwita Redio karibu, akamwambia kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa siri ya mchuzi wake, "Hapana, mwanangu, unakosea kitu kimoja. Akikasirika kweli hasemi kwanza. Anaanza na pumzi. Ya puani. Ndefu, halafu inakatika katikati kama imejikwaa. Hivi." Akaifanya. Redio akaifanya. "Ivute zaidi." Redio akaivuta. "Sasa ndiye yeye," mteja wa saa nne akasema, na akacheka tena, lakini safari hii taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu cha zamani na kizuri.

Kumbe. Kumbe mke ndiye kocha! Na kicheko kilichokuwa kikimsumbua msusi kikakauka palepale, nafasi yake ikachukuliwa na ubaridi fulani mtamu, ule wa mcheza karata aliyefunua karata ya mwisho akakuta ni dume, kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kuogopa bodi wala nani, angeweza kuielekeza ile kalamu kwenye picha na kusema, mwalimu, ukitaka kujua mwenendo huu umetoka wapi, anzia hapo, na fomu ingekunjwa, faili lingefungwa, wiki moja ingegeuka siku sifuri, na wangetoka ofisini wakisindikizwa hadi getini... akamtazama Redio, na akaona Redio naye anaitazama picha. Akaitazama kidogo tu, akayaondoa macho. Anajua. Anajua tangu lini? Tangu siku ya kwanza ya maigizo haya, labda tangu siku ile ya maonyesho ya sayansi mke wa mkuu alipokuja kugawa vyeti, anajua na hajamwambia hata mama yake, huyu ambaye ukimwambia neno jikoni linakusubiri mlangoni, ameshikilia siri ya mtu mzima mwezi mzima na haijamponyoka, na leo amesimama pale na soksi zake amebeba wanawake wawili mgongoni, mmoja wa kwenye picha na mmoja wa kwenye kiti kifupi, mama hajui kitu, mwalimu, maneno manne.

"Kuna jambo moja," mkuu akasema, na safari hii hakuwa akisoma, aliweka karatasi chini na kuegemea mbele, na sauti yake ikawa ya mtu, si ya paredi, "jambo moja linalonikosesha usingizi kuliko hayo yote. Sauti, sawa. Maneno yangu, sawa, ninayasema kila siku, kasuku naye angeyashika. Lakini kabla ya tangazo, kwenye kipaza sauti, palikuwa na pumzi. Pumzi ile, mama, shuleni sijawahi kuitoa. Ninajizuia. Mwalimu hapaswi kuhema mbele ya wanafunzi kama punda aliyechoka. Pumzi ile ninaitoa nyumbani kwangu tu, jioni, mlango ukishafungwa. Binti, umeitoa wapi?" Na Redio, bila kupepesa, "Nimeibuni, mwalimu." "Umeibuni." "Ndiyo, mwalimu. Nimeibuni peke yangu," na neno hilo la mwisho likamchoma msusi mahali alipodhani pameshapona, kwa sababu peke yangu alishawahi kuwa yeye, akiwa na miaka kumi na mitatu, ofisi nyingine, meza nyingine, amesimama hivihivi kwa kosa la kutembea kama mwalimu wa hesabu aliyekuwa na mguu mmoja mvivu, na mama yake akaitwa, mama yake ambaye kila jioni akimenya viazi alikuwa akimwambia, "Hebu nitembelee kama yule wa hesabu," akicheka hadi kisu kinamdondoka, na siku ile mama huyo akakaa kitini, akakunja mikono mapajani, akasema, "Huyu? Sijui katoa wapi, mwalimu. Nyumbani kwangu hakuna mambo haya." Akatia saini. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisha njiani, walipokwisha kupita kona ya shule, mama akaanza kucheka, akamsukuma bega, "Ulimwona alivyovimba? Haya, nitembelee basi," na yeye hakutembea, alikwenda kawaida tu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, akaona aibu ya mchana mzima imembakia yeye mikononi na mwenzake amepangusa yake, na tangu siku hiyo hakumwiga mtu tena, miaka mingi, alisuka vichwa na kuwasikiliza wengine wakichekesha... hakuwahi kumlaumu mama yake, Mungu amrehemu, alitaka mtoto asifukuzwe, mama gani hataki mtoto asifukuzwe, hata yeye hataki, wiki saba, wiki saba tu zimebaki, tia saini, mpumbavu wewe, watoto husahau... Hawasahau. Hawasahau, anajua yeye.

"Siyo peke yake," alijisikia akisema, na ilikuwa kama mkuu alivyojisikia kule bombani, sauti ni yake ila hakumbuki kuituma. "Samahani?" "Hakubuni peke yake, mwalimu. Nilikuwa na habari. Anakuiga saluni kwangu, kila Jumamosi, mbele ya wateja. Mimi ndiye ninayemwambia arudie." Redio kwenye kabati akageuza kichwa ghafla hadi mafaili yakatikisika. Mkuu akavua miwani, lakini hakuifuta, aliishika tu, na macho yake bila vioo yalikuwa madogo na yamechoka kidogo, na hayakuchekesha. "Na pumzi?" akauliza. "Wewe hujawahi kuja kwangu jioni. Uliisikia wapi pumzi yangu?" Hapa. Hapa ndipo penyewe, picha iko sentimita chache kutoka kwenye kiwiko cha mkuu, mstari umepinda vizuri juu ya sikio, kazi safi, dume liko mkononi, litupe mezani, lakini msusi akamkumbuka mteja wa saa nne alivyocheka mara ile ya pili, taratibu, na akafikiri, yule hakuwa akimcheka mtu, yule alikuwa amemkumbuka mume wake katikati ya asubuhi, ni wangapi wenye mke wa hivyo, na je, huyu mbele yangu akiambiwa hapa, mbele ya mwanafunzi, ataweza kuurudia mlango wake jioni na kupumua? "Mwalimu," akasema, "na mume wangu anapumua hivyohivyo." "Hivyohivyo?" "Ndefu, halafu inakatikia katikati." "Kama imejikwaa?" "Kama imejikwaa. Mwalimu, nimesuka vichwa vya wanawake miaka kumi na minane, na vichwa vikisukwa vinasema. Wanaume wote wanapumua hivyo wakifunga mlango." Mkuu akafikiri. Akafikiri kwa muda mrefu, na polepole kitu fulani kwenye mabega yake kikalegea, kama mtu aliyeambiwa na daktari kuwa ugonjwa wake una jina na wengi wanao. "Wote?" akauliza. "Wote, mwalimu."

Akavaa miwani. Akaivuta fomu upande wake, akachukua rula, maana zamani alikuwa akifundisha Kiswahili na hakuweza kukata neno bila rula, akalitafuta lile *sikuwa*, akaikata *si* kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika *nili*, herufi zimesimama wima kama wanafunzi, akaisoma sentensi yote kimoyomoyo, midomo inacheza, akaonekana kuridhika na sarufi yake ingawa hakuridhika na jambo lenyewe. "Kwa mantiki hiyo," akasema, "Ijumaa, saa tatu, mbele ya bodi, mtakuja wote wawili. Siwezi kuahidi kitu. Ninarudia, siwezi kuahidi kitu. Nitawaeleza kuwa mzazi alisema ukweli, na katika chumba kile hilo halijatokea tangu nianze kazi, sijui watalipokeaje." Akaigeuza karatasi, akaisukuma kwake, na msusi akatia saini, herufi sita, mkono ukashuka bila kugoma, hofu ya Ijumaa ipo palepale, na juu ya hofu hiyo, kama kifuniko juu ya sufuria, wepesi wa ajabu, maana Redio alikuwa ametoka kabatini hatua moja, bila kuruhusiwa, akasimama nyuma ya kiti kifupi karibu sana hadi sketi ikamgusa mama yake bega, na alikuwa akilia, bila sauti, kwa uso wake mwenyewe usiofanana na wa mtu mwingine yeyote. Mkuu akajifanya hajaona. Akaichukua tena ile orodha, akailamba ncha ya kidole, akafunua. "Bado tuna makosa matatu," akasema. "Kosa la tano. Hili ni la kuhusu yule mbuzi." Na msusi akageuka taratibu kitini, akamtazama binti yake kwa macho makubwa, kwa kuwa habari ya mbuzi, Mungu ni shahidi wake, hakuwa nayo kabisa.